Uliwasikia wakicheka, ukageuka

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale kwenye kapu la nguo chafu nikasita kidogo. Chupa unaificha humo kwa kuwa nyumbani hakuna mwingine anayeligusa. Mumeo hajui, kazini hawajui, na asubuhi huna budi kuzimua kidogo mikono iache kutetemeka ndipo uweze kuwafunga watoto vifungo vya sare. Mwezi uliopita ulikipata kikundi cha watu wanaoacha pombe, ukafika hadi mlangoni, ukawasikia ndani wanacheka, ukageuka. Sasa unauliza: “Shangazi, hao kweli wana shida kama yangu? Na nikirudi, nitasema nini?”

Kwanza hiyo mikono. Mtu anayetetemeka mpaka azimue, mwili wake umeshaizoea pombe, na akiikata ghafla unaweza kumgeuka. Atatoka jasho, moyo utamwenda mbio, na ndani ya siku 2 za mwanzo anaweza hata kuanguka degedege. Wengine, kati ya siku ya 2 na ya 4, huanza kuweweseka na kuona visivyokuwepo, na hali hiyo huua. Kwa hiyo anza kwa daktari. Mtajie kiasi halisi unachokunywa, usipunguze hata tone. Zipo dawa za kukuvusha siku hizo. Kazi hiyo si ya kikundi.

Sasa kile kicheko. Ndugu yangu nilimsindikiza mkutano wake wa kwanza. Ulikuwa mkutano wa wazi, ambao hata asiye na tatizo la pombe anaruhusiwa kuketi. Alichagua kiti cha karibu na mlango, funguo mkononi, tayari kutoroka. Yasemwayo mle hubaki mle, kwa hiyo ya wengine siyasemi. Lake nalisema kwa kuwa amenipa ruhusa. Safari ya nne ndipo alipofungua kinywa. Akaeleza alivyokuwa akificha chupa ndani ya tangi la choo, mpaka siku fundi bomba alipoichomoa ikichuruzika maji na kumkabidhi mbele ya mama mkwe wake. Chumba kizima kiliangua kicheko. Wala hawakuwa wakimcheka yeye. Kila mmoja pale alikuwa na tangi lake. Wewe una kapu.

Siku ya kwanza huna deni la maneno. Zamu ikikufikia, taja jina lako la kwanza tu, au sema, “Leo nimekuja kusikiliza,” na zamu itasonga. Katika Alcoholics Anonymous, ambayo wengi huiita AA, sharti la kujiunga ni moja: kutaka kuacha kunywa. Hakuna ada. Kikapu cha michango kikipita, mgeni anakiacha kipite. Kuhusu kuonekana na mtu unayemfahamu, jiulize naye amefuata nini pale.

Usidhani pia kwamba utakuwa mzigo kwao. AA ilizaliwa mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, kwa sababu Bill Wilson, aliyekuwa na miezi michache tu bila pombe, alisimama kwenye ukumbi wa hoteli akiisikia baa inavyochangamka, akaona ataanguka. Badala ya kuingia baa akashika simu, akitafuta mnywaji mwenzake wa kuzungumza naye. Akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekubali kumpa dakika 15. Walizungumza saa kadhaa. Anayekufungulia mlango anakuhitaji pia, na hili wageni wengi huchelewa kuling’amua.

Namna ya kurudi: usiende kimyakimya kama mara ile. Mwulize daktari au mshauri nasaha anayekutibu ni vikundi gani viko karibu, au tafuta ratiba kwenye tovuti ya kikundi chenyewe. Kisha piga simu au andika ujumbe kabla ya siku, uulize kama mkutano ni wa wazi, kama kuna wa wanawake peke yao, na kama mtu anaweza kukungoja nje. Huyo wa kukungoja nje usimkose. Ndiye atakayekuvusha kizingiti kilichokushinda. Kama miguu bado inagoma, ipo mikutano ya intaneti unayoweza kusikiliza kamera imezimwa.

Vikundi havifanani, kila kimoja kinajiendesha. Kimoja kikikukera, jaribu cha pili na cha tatu kabla ya kuhukumu. Ukumbi ukiwa wa kanisa, mara nyingi ni chumba tu cha kupanga. AA humtaja Mungu, “kadiri tunavyomwelewa”. Kama hilo linakukwaza, vipo vikundi vingine vya kuacha ulevi, SMART Recovery, ambavyo hutumia mbinu za kisaikolojia badala yake.

Mumeo? Usimweleze usiku ukiwa umelewa. Mweleze ukishapata tarehe ya daktari, uwe na jambo la kumshikisha mkononi. Naye ana pa kwenda akitaka: Al-Anon, kwa ajili ya ndugu na wenza wa wanywaji, ipo tangu 1951.

Chupa ya kapuni usiikimbilie kuimwaga leo, daktari kwanza. Halafu niandikie ukitoka mkutanoni, uniambie safari hii walikuwa wanacheka nini.