Mlihesabu Vibakuli

Assalaam alaikum jamaa zangu. Picha ya chakula niliyomtumia dada peke yake imeshafika kwenye kundi la ukoo, na maneno nimeyasoma yote, mpaka ya ami aliyeandika, "Kumbe Japani kunalika, hela ya bati ndiyo haipatikani." Sawa, ami. Nakujibu kwa heshima zote, lakini leo utanisikiliza.

Mlihesabu vibakuli. Shemeji kafika ishirini, akaandika "maharusi" na vicheko. Shemeji, hapa ndivyo meza inavyoandaliwa: kila mtu na wali wake upande wa kushoto, supu yake kulia, halafu vitu vitatu vidogo, kila kimoja na chombo chake. Vipande vitatu vya achari ya figili vina kisahani chao. Mchicha wa kujaza kiganja, umenyunyiziwa ufuta, una kibakuli chake. Vimimine vyote kwenye sinia la kwetu uone kama vitafunika katikati. Vyombo ni vya duka la yeni 100. Meza ile fupi kaniachia Mnepali aliyehama. Viti hamkuviona kwa sababu havipo. Chumba ni cha mikeka sita, maana hapa vyumba hupimwa kwa mikeka, ndiyo sebule, ndiyo pa kulala, na godoro lilikuwa limekunjwa kabatini.

Na yule samaki wa kitajiri ni kibua. Ndugu wa kibua mnayemkaanga Tanga, ila kachemshwa kwa miso, rojo la soya iliyochachushwa, na tangawizi. Mnataka kujua nimempataje? Jioni mfanyakazi wa duka hupita na bunda la vibandiko, akibandika punguzo kwenye samaki wa siku ile, na kadiri usiku unavyoingia ndivyo kinavyofika cha nusu bei. Nasimama mbele ya friji najifanya nasoma maandishi ya paketi. Pembeni yangu wapo wazee wa Kijapani, nao wanajifanya wanasoma. Hakuna anayemtazama mwenzake. Kibandiko kikigusa nailoni tu, mikono inaingia yote kwa pamoja, kwa adabu kabisa, na kila mtu anaondoka na chake kama hakuna kilichotokea.

Jumla haikufika yeni 5,000, tukagawana watu watano. Hapa marafiki wakila pamoja wanagawana mpaka sarafu, wala si aibu. Mchele tu niliutoa mimi, na huo ndio ulioniuma: mwaka 2025 mfuko wa kilo 5 ulivuka yeni 4,000, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia.

Shangazi kauliza kwa nini sikuwapikia wageni pilau. Wageni wenyewe ni wenzangu wa kazini: Mvietinamu, Mnepali, kaka mmoja wa Mombasa, na mama wa Kijapani mwenye umri wako, shangazi. Tunafanya kazi kiwanda cha bento, vile vyakula vya boksi vinavyofika madukani alfajiri. Usiku kucha tunapanga chakula cha Kijapani, na sisi wanne tuliotoka nje ya Japani hatukuwahi kukila kikiwa cha moto, nyumbani kwa mtu. Basi nikasema nitapika mimi.

Mliambiwa nafanya kazi "kampuni ya chakula", na mkaridhika. Ngoja niwaeleze hiyo kampuni. Unavaa nyeupe kuanzia utosini hadi miguuni, yanabaki macho. Unapitishiwa rola la gundi mwili mzima kuondoa nywele. Ukumbi ni wa baridi makusudi, chakula kisiharibike, na vidole vinakufa ganzi ndani ya glovu. Mkanda unapita na maboksi. Mimi ni mtu wa umeboshi, tunda dogo jekundu, chachu na chumvi tupu. Naliweka katikati ya wali. Boksi linalofuata, katikati ya wali. Likiangukia pembeni msimamizi anasimamisha mkanda, na mstari mzima unakugeukia na macho yale. Hakuna anayekutukana. Ningependelea nitukanwe. Mimi huyu mwenye diploma ya ualimu mliyochangia wote. Zamu ya usiku naichagua mwenyewe, kwa kuwa kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri sheria inaongeza asilimia 25 ya malipo. Hiyo asilimia 25 ndiyo ada za shule mnazozipokea.

Na hapo ndipo penye donda. Mnasema nimepunguza kutuma. Sijapunguza. Natuma yeni zilezile, yeni ndiyo imepungua thamani. Mwanzoni mwa 2021 dola moja ilikuwa yeni 105 hivi. Mwanzoni mwa Julai 2024 ilikuwa juu ya 160. Mshahara wangu hausomi habari za dola. Bado kuna pensheni, bima ya afya, na kodi ya mkazi, ambayo inahesabiwa kwa kipato cha mwaka uliopita, kwa hiyo mwaka wa kwanza unajiona mjanja, wa pili barua inakuja. Baada ya hayo yote natuma. Halafu nakuta "kunalika".

Ndiyo, ami, kunalika. Nilikula nikashiba na sitaomba radhi.

Mnataka kujua ladha? Supu inaanza na kombu, mwani mkavu mpana kutoka Hokkaido, si ule wanaolima akina mama wa kwetu na kuuuza nje. Unaulaza kwenye maji, unapasha taratibu, unautoa kabla hayajachemka. Nilitaka kuuacha utokote, yule mama akanishika mkono bila neno, akautoa kwa vijiti. Kisha yakaingia maranda ya jodari mkavu, membamba hata pumzi inayapeperusha, na chumba kizima kikanuka ng'onda. Kaka wa Mombasa alikaa kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mirini, kile kiungo kitamu cha mchele cha kupikia, ina kileo, nikaweka sukari. Wali hauna chumvi wala nazi, shangazi usiulize. Mnepali alichomeka vijiti wima kwenye wali wake. Yule mama akavichomoa polepole akavilaza, maana hivyo huwekewa maiti. Tulicheka kwa sauti ya chini. Ukuta ni mwembamba, na jirani halalamiki kwako, analalamika kwa wakala wa nyumba.

Sasa wewe binamu unayeniandikia kila wiki kuwa umepata mtu wa kukuleta Japani kwa milioni kadhaa. Usije. Atakuleta kwa viza ya mwanafunzi, na mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 28 kwa wiki wakati wa masomo, na huyo mtu wako hakukwambia kwamba ada ya shule ya lugha na kodi ya chumba havitoki humo kirahisi. Ukizidisha saa, kuongezewa viza kunaweza kukataliwa. Usiuze kiwanja cha babu. Jifunze Kijapani kwanza hukohuko, mwaka mzima, uweze kusoma. Ukishaweza kusoma, njoo, nitakupokea uwanja wa ndege, utalala kwangu hata miezi mitatu. Miezi mitatu, si minne. Na uje na suruali za ndani za kuzuia baridi, nyumba hizi hazina joto lake lenyewe, asubuhi ya Januari unaona pumzi yako ukiwa kitandani. Lakini usije. Nimesema.

Dada, wewe sikulaumu kwa kuisambaza picha. Au nakulaumu kidogo.

Mshahara unaingia tarehe 25. Ada itatoka siku hiyo kwa jina la mama, liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Bati bado. Ami, nitajie bei ya bati moja, tena ya dukani na si ya kukadiria, tuone kama tunaweza kuanza na upande wa jikoni.