Bati liliangukia banda usiku: je, mtoto huyu wa mbwa atasahau?

Swali: Daktari, shikamoo. Naandika kutoka Arusha. Wiki iliyopita nilinunua mtoto wa mbwa jike, aina ya German Shepherd, mwenye umri wa wiki 9, kutoka kwa mfugaji aliye nje kidogo ya mji. Nilipokwisha kulipa ndipo kijana anayewahudumia mbwa akanieleza kwamba wiki mbili kabla ya hapo, usiku wa upepo mkali, bati la paa liling'oka na kuangukia banda la watoto, mama yao akiwa amefungiwa banda jingine, na watoto wakabaki humo mpaka kulipokucha. Hakuna aliyeumia, ila mmoja alichubuka mguu. Mbwa wangu anakula vizuri na anacheza na wanangu, lakini mvua ikianza kugonga bati anajibanza nyuma ya mtungi wa gesi, anatetemeka, anajikojolea, na nyama anaikataa. Mfugaji anasema huyo bado mdogo, atasahau. Jirani anasema nimrudishe, kwa sababu mbwa mwoga hawezi kulinda. Nimsikilize nani, na masika ndiyo hiyo inakaribia?

Jibu: Marahaba. Mfugaji wako amekosea, na jirani yako ana haraka. Nitaeleza kwa nini, kisha nikwambie la kufanya kabla mvua hazijashika kasi, maana katika jambo hili siku unazopoteza zina thamani kuliko fedha uliyolipa.

Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni wala hasikii. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14 hivi, masikio hufuata siku chache baadaye, na ni katika wiki ya tatu ndipo utamwona akishtuka mlango ukibamizwa. Hapo hufunguka kipindi ambacho watafiti wawili wa Marekani, Scott na Fuller, walikichunguza kwa miaka mingi katika maabara ya Bar Harbor, Maine, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1965: takribani kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12, mbwa hujifunza kwa wepesi asiokuwa nao tena maishani ni nani na ni nini kilicho salama. Mwanzoni udadisi hushinda woga, naye hukimbilia kila kipya. Kuanzia wiki ya 5 hivi woga huanza kuota, na kadiri wiki zinavyosonga ndivyo kipya kinavyozidi kumtia shaka. Mbegu nazo hutofautiana: utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwalinganisha watoto wa German Shepherd na wa Cavalier King Charles Spaniel, ukaona kwamba woga huwatokea German Shepherd mapema zaidi. Kwa hiyo mbwa wako, akiwa na wiki 7 usiku ule, alikuwa ameshaingia umri wa kuogopa kwa ukamilifu.

Kuna jambo jingine kuhusu umri huo. Katika miaka ya 1960 mtafiti Michael Fox, pamoja na mwenzake, aliwaumiza watoto wa mbwa wa umri mbalimbali kwa umeme kila walipomsogelea mtu (majaribio ambayo leo bodi ya maadili isingeyaruhusu, na ni vizuri isiyaruhusu), akaona kwamba waliokuwa na wiki 8 hivi ndio walioendelea kumkwepa mtu kwa muda mrefu zaidi kuliko wadogo na wakubwa wao. Tangu hapo wataalamu wengi huhesabu wiki ya 8 hadi ya 10 kuwa kipindi ambacho kisa kimoja tu cha kutisha kinaweza kuacha alama ya kudumu. Mipaka hiyo si ukuta, na mbwa hawafuati kalenda yetu. Hata hivyo inatosha kutuonya kwamba "bado mdogo" si kinga, na katika umri huu udogo wenyewe ndio hatari.

Sasa tazama kisa chenyewe. Kishindo peke yake kisingenisumbua sana. Watoto wengi hushtushwa na radi, au jenereta linalowashwa ghafla, na baada ya dakika wameshasahau wanavutana mikia. Kinachonisumbua ni yale yaliyoambatana na kishindo. Watoto hawakuwa na pa kukimbilia. Mama yao, ambaye kwa kawaida wangejibanza ubavuni mwake na kusoma utulivu wake, alikuwa amefungiwa kwingine, na huenda walimsikia akibweka kwa taharuki. Zaidi ya hayo, hofu haikuisha baada ya kishindo, bali iliendelea mpaka asubuhi, na bila shaka bati lililolegea liliendelea kupigwa na upepo karibu nao usiku kucha. Mtoto anayetishwa kisha akatoroka, au akatulizwa na mama, hujifunza kwamba mambo mabaya hupita. Mtoto aliyenaswa hujifunza kwamba hakuna analoweza kufanya, na mwili wake hukaa na homoni za msongo, hasa kotisoli, kwa saa nyingi kuliko inavyofaa.

Hofu ya namna hii hujengeka kwa mara moja. Sehemu ya ubongo iitwayo amigdala hufunga pamoja sauti na hatari, na fundo hilo halifunguki kwa kupita kwa siku. Mbwa akitulia baadaye, si kwamba kumbukumbu ya kwanza imefutika, bali amejifunza jambo la pili, kwamba sauti hiyo sasa huleta mema, na jambo hilo la pili limekaa juu ya la kwanza. Ndiyo maana neno "atasahau" halinipendezi. Mbwa akiachwa bila msaada, kila mvua itakuwa somo jingine la woga, na woga wenyewe hupenda kutanuka: utaanza na mvua juu ya bati, utahamia kwenye radi, kisha fataki za mwaka mpya, kisha wingu jeusi tu, na mwishowe hata banda lenyewe atakataa kuingia.

Lakini usiubebeshe usiku ule kila kitu. Mara nyingi ninaletewa mbwa mwoga na mwenyewe akanihakikishia kwamba lazima alipigwa alikotoka, kumbe hakupigwa na mtu. Alikulia tu katika banda la tofali, nyuma ya nyumba, akimwona mtu mmoja anayeleta ugali asubuhi na jioni. Kukosa uzoefu kunafanana sana na kuumizwa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1961, watoto wa mbwa walilelewa na mama yao ndani ya uwanja wenye uzio mrefu, chakula kikipitishwa kwenye tundu ili wasimwone mtu, na wale ambao hawakuguswa na mtu mpaka wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini, ingawa hakuna aliyewatisha. Wako anacheza na wanao baada ya siku chache tu. Hiyo ni habari njema kuliko unavyodhani, kwa sababu inaonyesha kwamba kwa mfugaji alishikwa na watu, na kwamba hofu yake, angalau kwa sasa, imebaki kwenye sauti moja.

Urithi nao una sehemu yake. Kati ya mbegu tano walizozichunguza Scott na Fuller ilikuwamo Basenji, mbwa wa asili ya Kongo (jina hilo, bila heshima yoyote kwa mbwa wala kwa watu, linatokana na neno lile lile tunalolijua sisi kama "washenzi"). Watoto wa Basenji wa wiki 5 walimkimbia mtu na kumng'ata walipobanwa, tofauti kabisa na watoto wa Cocker Spaniel waliolelewa vivyo hivyo. Lakini walipozoeshwa mikononi walibadilika upesi. Kwa hiyo nakuomba urudi kwa mfugaji, si kumrudisha mtoto, bali kumtazama mama yake. Simama nje ya banda, angusha funguo, uone anafanya nini. Mama anayejificha pembeni na kukataa kusogea atakwambia kwamba mtoto wako huenda alizaliwa na mwelekeo wa woga, na kazi yako itakuwa ndefu zaidi.

Kwa mtoto mwenyewe, usipime ukubwa wa kushtuka, pima muda wa kurudi katika hali yake. Katika chumba changu cha uchunguzi huwa nakifunga kishada cha funguo katika kitambaa na kukidondosha sakafuni, mtoto akiwa hatua nne au tano kutoka hapo. Mtoto mwenye afya huruka, husimamisha masikio, na kabla sijahesabu kumi anakuja mwenyewe kunusa kitambaa. Aliyeathirika huingia chini ya kiti, mkia tumboni, huanza kuhema na kulamba midomo, na ukimpa kipande cha ini anageuza uso. Jaribu hivyo nyumbani mara moja, si zaidi, mvua ikiwa hainyeshi. Akirudi upesi, tatizo ni bati. Akikaa chini ya kiti dakika tano, tatizo ni pana, na umlete kabla ya tarehe ya chanjo inayofuata.

Kuhusu matibabu, anza wiki hii hii. Rekodi kwa simu mvua inayogonga bati, au utafute sauti kama hiyo, kisha ipige kwa sauti ya chini kiasi kwamba wewe mwenyewe unaisikia kwa shida. Mtoto akitega sikio tu na kuendelea na shughuli zake, hapo ndipo mahali pa kuanzia. Sauti ianze kwanza, kisha sekunde moja au mbili baadaye kifuate kipande cha ini la kuchemsha lenye ukubwa wa punje ya maharage, kingine, kingine, na sauti ikizimwa, vipande navyo vikome. Mpangilio huo una maana: ukianza na ini, ini litageuka kuwa dalili ya kwamba sauti mbaya inakuja. Fanya dakika tatu hadi tano, mara mbili au tatu kwa siku, na uongeze sauti kidogo tu pale anapokutazama kwa furaha mara inapoanza. Akikataa ini, umekwenda mbali. Rudi nyuma, hata kama ni siku ya sita na ulidhani umeshafika.

Mvua halisi nayo haitakusubiri. Ikinyesha, mwingize katika chumba chenye dari, mbali na bati tupu, umtandikie kwenye kona au chini ya meza iliyofunikwa kanga, mlango ukiwa wazi ili aingie na kutoka apendavyo, na uwashe redio. Kaa naye. Watu wengi wameambiwa kwamba ukimbembeleza mbwa anayeogopa unamfundisha kuogopa zaidi. Si kweli: hofu si tabia anayoifanya ili apewe zawadi, na mkono wa mtu aliyetulia hufanya kazi ambayo mama yake alinyimwa kuifanya usiku ule. Unachopaswa kukwepa ni kumvuta kutoka alikojificha, kumkaripia kwa kujikojolea, au kumshikilia mvuani "azoee". Na kwa miezi hii usimlaze katika banda la nje.

Dawa zipo kwa mbwa ambao hofu inawazuia hata kujifunza, lakini huandikwa baada ya uchunguzi, na kwa umri wake sitaanza nazo. Ukipewa asepromazini ili "umtulize", ikatae kwa adabu. Humlegeza mwili huku masikio yakiendelea kusikia na woga ukibaki palepale, hivyo unapata mbwa anayeogopa asiyeweza kukimbia, yaani usiku ule ule wa banda.

Wiki zilizobaki kabla ya kufika ya 12 zitumike pia kwa mambo mengine. Nafahamu kwamba mlishauriwa kumfungia ndani mpaka chanjo zote ziishe, na ninaelewa sababu, kwa kuwa virusi vya parvo hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi na vimeua watoto wengi. Chanjo hizo, hata hivyo, huendelea mpaka wiki ya 16, na ukisubiri mpaka hapo kipindi kile cha kujifunza kwa wepesi kimeshapita. Suluhisho ni kumbeba. Siku saba au zaidi baada ya chanjo ya kwanza, mbebe mikononi au kwenye kikapu, ukae naye mbali kidogo na kituo cha daladala, aone bodaboda, wanafunzi, mzee mwenye fimbo, mama mwenye beseni kichwani. Mguu usiguse ardhi wanakopita mbwa usiowajua. Asikabidhiwe kwa watoto wa mtaani wanaomzonga, na ukiona mtu ameokota jiwe, ondoka. Jiwe moja linaweza kukurudisha wiki tatu nyuma.

Kuhusu ulinzi, jirani yako anachanganya ukali na ujasiri. Mbwa anayeuma kwa sababu ya woga atamuuma mtoto wa jirani mapema kuliko mwizi, na mbinu zinazosifiwa mitaani, za kumfungia gizani mchana kutwa au kumlisha pilipili ili awe mkali, hutengeneza mbwa wa namna hiyo hasa. Kwa sasa siwezi kukuahidi kwamba wako atafaa kwa ulinzi. Uamuzi huo ufanywe akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi. Kumrudisha kutampeleka kwenye banda lile lile, chini ya paa lile lile, masika ikianza. Kama mfugaji alijua na akanyamaza, una sababu nzuri ya kudai punguzo la bei, na hilo mzungumze kama watu wazima.

Ukienda kumwona mama wa mbwa wako, mwambie mfugaji kuhusu watoto wenzake waliobaki bandani. Wafike usiku wa leo alipo mama yao, au ndani ya nyumba, na bati lile lipigwe misumari.