Mwanangu anajisugua ili weusi utoke

SWALI: Shikamoo dokta. Tunaishi Columbus, Ohio. Binti yangu wa miaka 7 aliambiwa na mwenzake shuleni kuwa ngozi yake ni chafu. Jioni nikamkuta bafuni anajisugua mkono kwa dodoki hadi umechubuka. Baba yake anasema tusizungumzie rangi, tutampandikizia chuki. Wifi yangu ameleta losheni ya kumng'arisha. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mama. Pole sana, na mpe pole binti yetu.

Hilo la "tutampandikizia" nalisikia karibu kila wiki, na linaniumiza kwa sababu wanaolisema ni wazazi wenye mapenzi ya kweli. Eti mtoto haoni rangi. Anaona! Mtoto mchanga wa miezi 3 tayari hutazama kwa muda mrefu zaidi sura zinazofanana na alizozizoea nyumbani. Huo si ubaguzi, ni macho tu. Kwamba rangi moja ni bora na nyingine duni, hilo hujifunza baadaye, na usipomfundisha wewe ukweli, atafundishwa uongo na huyo mwenzake wa darasani.

Miaka ya 1940, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark, mume na mke, Wamarekani weusi, waliwaonyesha watoto weusi 253 wa miaka 3 hadi 7 wanasesere waliotofautiana rangi tu. Wengi walisema mweupe ndiye mzuri. Kisha wakaulizwa: nipe anayefanana na wewe. Wapo walioangua kilio. Sidhani kuna mzazi aliyewakalisha kitako akawafundisha hivyo.

Nami nimeshuhudia. Msichana wa miaka 6 alijichora mbele yangu kwa rangi ya waridi. Nikamuuliza, mbona hukutumia kahawia? "Imeisha." Kalamu ilikuwa ndani ya boksi, ncha haijaguswa.

Leo usiku kaa na binti yako, muulize aliambiwa nini hasa, na umwache amalize. Usikimbilie "wewe mrembo". Kinachomkera si urembo. Anataka kujua kama ni mchafu. Mjibu hilo. Mwambie ngozi yake ina melanini nyingi, yaani rangi ya asili ya ngozi, kinga ya jua kali la walikoishi mababu zake, na haitoki kwa dodoki. Mwambie na lile gumu: zamani watu weusi walifanywa watumwa, na waliowatumikisha wakatunga uongo kuwa weusi ni duni ili wasijione wakosaji. Uongo huo bado unatembea. Wa miaka 7 anaelewa. Kesho mwandikieni mwalimu, kwa maandishi yenye tarehe.

Ila tusiilaumu shule peke yake. Nani kwenu alisema "huyu kachukua weusi wa baba yake" kama anayetoa rambirambi, mtoto akiwa pale pale? Sisi wenyewe tumezoea kumsifu bibi harusi kwa weupe, halafu tunashangaa.

Hiyo losheni itoe nyumbani. "Kung'arisha" ni jina la adabu la mkorogo, na wanaouuza kwa WhatsApp wakiapa kuwa ni "asilia" wanacheza na afya za watoto wa watu. Baadhi ya makopo hayo yana zebaki, ambayo huharibu figo. Mengine yana steroidi kali, dawa za kutuliza uvimbe, zinazofanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi. Mwili mdogo hunyonya zaidi. Kama ameshapakwa, hata mara chache, mpeleke kwa daktari, na kopo lenyewe ulibebe.