Maswali na majibu: Kocha msaidizi apimwe vipi katika usajili?

Maswali ya safari hii yanahusu futiboli ya Kimarekani katika vyuo vikuu, na karibu yote yanazunguka jambo moja. Kila Desemba, vijana wa sekondari wanapotia saini, makocha wasaidizi hupangwa katika orodha ya wasajili bora, na wasomaji wanauliza kama orodha hiyo ina uzito wowote. Nimefupisha maswali bila kubadilisha maana.

Nani hutoa hizi nyota za wachezaji, na inakuwaje kocha msaidizi naye apate alama?

Nyota hazitolewi na NCAA, ambayo ndiyo inayosimamia michezo ya vyuo, bali na kampuni za habari za michezo kama 247Sports, ESPN na On3, ambayo mwaka 2025 iliinunua Rivals. Wachambuzi wao hutazama video, huenda kwenye kambi za majaribio, kisha huwapa vijana waliowatazama alama na nyota, tano zikiwa za juu kabisa. Shule za sekondari za Marekani zina zaidi ya vijana milioni moja wanaocheza mchezo huu, lakini 247Sports hutoa nyota tano kwa wachezaji wapatao 32 tu kwa mwaka, kwa kufuata idadi ya nafasi katika raundi ya kwanza ya uteuzi wa NFL, ambapo timu za ligi hiyo ya kulipwa huchagua wachezaji wapya. Kijana akishatia saini, jina la kocha aliyemfuatilia huandikwa kando ya jina lake kama msajili mkuu, na mara nyingi la kocha mwingine huandikwa kama msajili wa pili. Alama za vijana hao zikijumlishwa, orodha ya wasajili bora imepatikana.

Udhaifu wa kwanza unaonekana papo hapo. Kocha mkuu na wasaidizi kumi ndio tu wanaoruhusiwa kutoka nje ya chuo kwenda kusajili, na idadi hiyo haikubadilika hata mwaka 2024, watumishi wengine waliporuhusiwa kufundisha uwanjani. Nyuma ya hao kumi na mmoja kuna ofisi nzima ya watu wanaotazama video usiku na mchana, ambao mara nyingi ndio wanaoliona jina la kijana kabla ya kocha yeyote kupanda ndege. Majina yao hayamo kwenye orodha.

Je, nyota zenyewe zinaaminika?

Kwa jumla zinaaminika. Mabingwa wote wa taifa kuanzia msimu wa 2015 hadi 2024, yaani Alabama, Clemson, LSU, Georgia, Michigan na Ohio State, walikuwa na vikosi ambavyo zaidi ya nusu ya vijana waliosajiliwa kutoka sekondari walikuwa na nyota nne au tano. Kwa mchezaji mmoja mmoja, hapana. Cam Ward alimaliza sekondari huko Texas bila nyota hata moja, kwa sababu shule yake ilicheza mfumo wa kukimbia na mpira na yeye hakuwa akirusha mara nyingi. Akachukuliwa na Incarnate Word, chuo cha ngazi ya pili ya Daraja la Kwanza kilichoko San Antonio, na mwaka 2025 akawa mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa na NFL. Josh Allen, aliyekuja kuwa mrushaji mpira nyota wa NFL, naye alipitia chuo cha miaka miwili huko California kabla ya Wyoming kumpokea.

Makocha wasaidizi wa Alabama walikuwa wakiongoza orodha kila mwaka. Inamaanisha walikuwa wasajili bora kuliko wengine?

Hapa ndipo ninapotofautiana na orodha hizo zaidi ya mahali pengine popote. Kuanzia 2011 hadi 2017, darasa la usajili la Alabama, yaani vijana wote waliotia saini mwaka huo, lilishika nafasi ya kwanza nchini kila mwaka kwa hesabu ya 247Sports. Katika miaka hiyo hiyo, wasaidizi wa Nick Saban, kocha mkuu wa Alabama wakati huo, walikuwa wakibadilika kila mara: huyu ameajiriwa kuwa kocha mkuu kwingine, yule ameenda NFL, wa tatu hakuongezewa mkataba. Watu walibadilika, lakini matokeo hayakubadilika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya alama walizopewa wasaidizi hao ilikuwa ya Saban mwenyewe, ya makombe yaliyokuwa kabatini, na ya kijana kujua kwamba waliomtangulia pale walikuwa wakiingia NFL kwa makundi. Mtu akipewa jimbo la Georgia au Florida kulisimamia kwa niaba ya Alabama, lazima atarudi na wachezaji. Swali la haki ni kama alirudi na zaidi ya wale ambao angerudi nao msaidizi wa kawaida aliyevaa fulana ileile.

Njia nzuri ya kulijibu ni kumfuata kocha anapohama. Kirby Smart alikuwa msaidizi wa Saban hadi mwishoni mwa msimu wa 2015, akaenda Georgia kuwa kocha mkuu, na mwaka 2018 ni Georgia iliyoshika nafasi ya kwanza katika usajili, ikaishika tena 2020. Georgia haikuwa chuo maskini wala jimbo lisilo na vipaji, lakini kabla ya hapo haikuwa imezoea kukaa juu ya Alabama katika hesabu hiyo. Msaidizi anayehama na nguvu zake zikahama naye, huyo amejithibitisha. Msaidizi anayetoka chuo kikubwa kwenda cha kati, kisha ghafla akawa hasikiki, naye ametuambia jambo.

Kuna pia urithi wa njia. Shule ya Glenville mjini Cleveland, chini ya kocha wake Ted Ginn Sr., iliwapeleka Ohio State wachezaji wengi, miongoni mwao Ted Ginn Jr., Troy Smith aliyetwaa mwaka 2006 tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo, Cardale Jones na Marshon Lattimore. Msaidizi yeyote aliyekabidhiwa Cleveland wakati huo aliikuta njia imeshalimwa, na kazi yake kubwa ilikuwa kutoiharibu. Hiyo nayo ni kazi, nisieleweke vibaya, kwa sababu kocha wa sekondari aliyedharauliwa mara moja anaweza kuufunga mlango kwa miaka. Lakini haifanani na kazi ya kufungua njia mahali ambapo chuo hakijulikani.

Wengi husema Brian Hartline ndiye aliyekuwa msajili hodari kuliko wote wa wapokeaji mpira pale Ohio State. Ni kipaji chake au alibebwa na jina la chuo?

Ni vyote viwili, na mfano huu unastahili kufunguliwa polepole. Kati ya 2022 na 2025 Ohio State ilitoa wapokeaji watano waliochaguliwa katika raundi ya kwanza ya NFL: Garrett Wilson, Chris Olave, Jaxon Smith-Njigba, Marvin Harrison Jr. na Emeka Egbuka. Wote walifundishwa na Hartline, ambaye mwenyewe aliwahi kucheza nafasi hiyo hapo chuoni na baadaye NFL. Ukiangalia walikotoka, Wilson na Smith-Njigba ni wa Texas, Harrison ni wa Philadelphia, Egbuka ni wa jimbo la Washington, na baada yao akaja Jeremiah Smith kutoka Florida, aliyekuwa kileleni mwa darasa la 2024. Msaidizi anayetegemea eneo alilogawiwa hapati wachezaji kutoka pembe zote za nchi namna hiyo. Familia hizo zilikuwa zikimfuata mwalimu, na kila mchezaji aliyefaulu alimrahisishia kumpata anayefuata.

Sasa mtazame Olave peke yake. Alikuwa kijana wa nyota tatu katika shule ya Mission Hills, San Marcos, California. Mwaka wake wa tatu wa sekondari hakucheza kwa sababu alikuwa amehama shule, hivyo hakuwa na video ya maana ya kuwaonyesha wasajili. Ryan Day, wakati huo msaidizi pale Ohio State, alikwenda shuleni hapo kumtazama mrushaji mpira, Jack Tuttle. Tuttle alikuwa akirusha, na aliyekuwa akidaka ni Olave. Day akaanza kuuliza habari za yule anayedaka. Tuttle hatimaye alikwenda Utah. Olave akatia saini na Ohio State Desemba 2017, na Novemba iliyofuata, akiwa bado mgeni, akadaka pasi mbili za mguso (touchdown) na kuzuia pigo la mguu dhidi ya Michigan.

Kwa hesabu ya nyota, safari ile ya San Marcos ilikuwa hasara: kocha alimfuata mrushaji aliyesifiwa, akarudi na mpokeaji wa nyota tatu. Kwa hesabu yangu ni miongoni mwa safari bora za usajili za muongo ule. Na tukiuliza nani apewe sifa, Day ndiye aliyeona, chuo kikashawishi, na Hartline, ambaye hakuwa bado kocha wa wapokeaji siku Olave alipotia saini, ndiye aliyefundisha. Kuona, kushawishi na kufundisha ni kazi tatu, na orodha za wasajili huhesabu ile ya pili tu.

Ndiyo maana, mtu akiniletea jina la msaidizi nimtathmini, huwa sianzi na nyota za siku ya kusaini. Nataka kujua alitoa lini ofa ya ufadhili wa masomo, na siku hiyo mchezaji alikuwa na ofa ngapi nyingine za vyuo vikubwa. Kijana aliyepewa ofa akiwa hana jina, kisha vyuo ishirini vikamfuata, anatuonyesha jicho la kocha. Kijana aliyekuwa tayari na ofa thelathini, kisha ikaongezwa ya thelathini na moja, anaweza kutuonyesha ulimi wake akishinda, lakini jicho lake halimo. Zaidi ya hayo, ofa ya chuo kikubwa yenyewe huwafanya wachambuzi warudi kuitazama upya video ya kijana, hivyo wakati mwingine nyota huwa kivuli cha ofa.

Je, ni haki kulinganisha kocha wa mstari wa mbele na kocha wa wapokeaji?

Si haki. Mwili wa kijana wa miaka 17 anayetakiwa kuzuia au kusukuma katika mstari wa mbele haujamaliza kukua, na kukosea ni rahisi. J.J. Watt alianza Central Michigan kama mpokeaji wa ndani, akahamia Wisconsin bila ufadhili wa masomo, akageuzwa kuwa mlinzi wa mstari wa mbele, na mwaka 2011 akachaguliwa wa 11 katika NFL. Kocha wa nafasi hizo apimwe kwa muda mrefu zaidi.

Siku hizi wachezaji hulipwa na huhama kila mwaka. Usajili wa kocha msaidizi bado una maana?

Una maana iliyobadilika. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaweza kupata fedha kwa matumizi ya jina na sura zao, na baada ya hukumu iliyoidhinisha maafikiano ya kesi ya House, ambayo wachezaji waliishtaki NCAA, mwezi Juni 2025, vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa, kwa ukomo wa takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kizima katika mwaka wa kwanza. Vyuo vimeanza kuajiri mameneja wakuu kama timu za kulipwa. Stanford ilimpa kazi hiyo Andrew Luck, aliyekuwa mrushaji mpira wake, mwaka 2024. Kwa hiyo kijana akichagua chuo chenye ofa kubwa zaidi, kumpa sifa msaidizi aliyembebea bahasha ni kumtukuza mjumbe.

Jambo ambalo fedha haikuliondoa ni kubaki. Lango la uhamisho, mfumo ambamo mchezaji huandikisha nia ya kuhama chuo, lilifunguliwa Oktoba 2018, na tangu 2021 mchezaji aliweza kuhama mara moja bila kukaa nje msimu, sharti ambalo nalo limelegezwa. Katika mazingira hayo, msaidizi aliyesajili vijana wanne wa nyota nne na watatu wakaondoka ndani ya miezi 18 hajasajili wanne. Hesabu iliyo sahihi zaidi sasa ni ya wangapi wapo na wanacheza katika mwaka wao wa tatu. Wanaoondoka kwa sababu kocha mwenyewe kahama nawaweka kando, ingawa wasomaji wengine watasema nawapendelea makocha.

Tunaishi Columbus na mwanangu yuko mwaka wa tatu wa sekondari. Kocha msaidizi mmoja anamwandikia karibu kila siku. Nitajuaje kama ana nia ya kweli?

Mama, wingi wa ujumbe usikutie moyo wala usikutishe, kwa kuwa kuandika ni kazi yake ya kila siku na huenda vijana hamsini wanapokea maneno hayohayo. Muulize maswali ambayo jibu lake linaweza kuhakikiwa. Kwanza, je, mwanao akisema leo kwamba anakubali, chuo kitampokea leo? Ofa nyingi ni za mdomo na hazikubaliki papo hapo, na msaidizi mkweli atakueleza hivyo bila kuzunguka. Pili, wako wangapi wa nafasi yake tayari, na wangapi wengine wanatafutwa katika darasa lake au kwenye lango la uhamisho? Tatu, mkataba wa kocha huyo unaisha lini? Katika vyuo vingi vya umma mikataba hiyo ni nyaraka za wazi.

Kisha omba majina ya vijana aliowasajili miaka mitatu au minne iliyopita, wale ambao hawakupata umaarufu, uzungumze na wazazi wao. Waliofaulu watamsifu kwa vyovyote vile. Mzazi wa kijana aliyeumia goti na hakuwahi kuanza hata mchezo mmoja ndiye atakayekuambia kama simu za kocha ziliendelea kuja.