Rasimu imekaa kwa msimamizi miezi mitano

SWALI: Shikamooni wahariri. Nina shahada ya uzamili ya uvuvi na ni msaidizi wa utafiti wa dagaa hapa Mwanza. Mradi mzima mwanamke ni mimi peke yangu. Rasimu ya makala yangu iko kwa msimamizi mwezi wa tano sasa. Nikimkumbusha anasema "nitaiangalia". Wenzangu hupanga mambo naye usiku wakiwa ziwani, mimi naletewa uamuzi asubuhi. Naogopa hata jina langu litaachwa. Nifanyeje?
Msomaji, Nyegezi

JIBU: Marahaba, na pole sana. Tuanze na jina, maana makala ikishachapishwa kulirudisha ni kazi kubwa. Majarida mengi, hasa ya tiba, hufuata masharti manne ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba: mwandishi awe amechangia kwa uzito kubuni utafiti, kukusanya takwimu au kuzichambua, ameandika au kupitia rasimu kwa kina, ameidhinisha toleo la mwisho, na amekubali kuwajibika. Wasaidizi wengi huondolewa kwa madai kwamba "alikusanya takwimu tu". Hiyo ni dhuluma, na masharti yenyewe hayaikubali: aliyetimiza la kwanza anatakiwa apewe nafasi ya kutimiza yaliyobaki.

Kwa hiyo mwandikie msimamizi barua pepe wiki hii. Orodhesha majina kwa mpangilio unaoupendekeza, na mbele ya kila jina kazi yake: nani alipima urefu wa dagaa mwaloni, nani alichambua, nani aliandika. Muulize kama anaafiki. WhatsApp haifai hapa. Ujumbe unafukiwa na mwingine.

Rasimu nayo mara nyingi hukwama kwa sababu imetumwa nzima, kurasa thelathini, na maneno "naomba maoni". Mtu mwenye shughuli hajui pa kuanzia. Tuma sehemu ya mbinu na jedwali moja, maswali matatu yanayojibika kwa sentensi, na tarehe, tuseme wiki mbili mbele. Kimya kikiendelea, omba kikao cha nusu saa. Usiipeleke jaridani bila idhini yake. Hapo kosa litakuwa lako.

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza la mwezi, ndiyo maana wenzako wako naye saa hizo. Omba maamuzi yafanyike kikaoni saa za kazi na yaandikwe. Ukitaka kwenda ziwani, boya la kujiokoa, usafiri wa kurudi na mwanamke wa pili viingie kwenye bajeti. "Wavuvi hawataki mwanamke chomboni" si sababu ya kukutoa kwenye maamuzi.

Wala usimtegemee mtu mmoja kwa kila kitu. Mwanza kuna TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi), NIMR (taasisi ya utafiti wa tiba), hospitali ya Bugando na chuo kikuu cha SAUT. Mtaalamu wa takwimu asiyejua samaki bado atakusaidia. AuthorAID huwaunganisha watafiti chipukizi na wazoefu bila malipo, na OWSD ni mtandao wa wanawake wanasayansi. Ila takwimu za mradi usizitoe nje kabla ya kuomba ruhusa.

SWALI: Ninamsimamia mwanafunzi kiziwi. Vikao tuviendesheje?
Mhadhiri, Ilemela

JIBU: Mtumie ajenda na maneno ya kitaalamu siku mbili kabla, yeye na mkalimani wa lugha ya alama. Kikao kikizidi saa moja, wawe wakalimani wawili wa kupokezana, kwani mmoja huchoka na kuanza kuruka maneno. Malipo yao yaombwe pamoja na fedha za utafiti. Azungumze mtu mmoja kwa wakati, na wewe mtazame mwanafunzi, si mkalimani.