Noah yangu inanguruma: trafiki asiye na kipimo anaweza kuniandikia?

SWALI: Injinia, habari za kazi. Nina Noah ya mwaka 2003, nabebea wanafunzi kutoka Usa River kwenda Arusha mjini. Wiki mbili sasa inanguruma kama trekta. Juzi pale Tengeru trafiki alinisimamisha, akasema gari ina kelele kupita kiasi, akaniandikia. Hakuwa na kipimo chochote mkononi. Anaruhusiwa? Halafu fundi wangu anasema tutoe masega (kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi) na sailensa, tuchomelee bomba la moja kwa moja, gari itapata nguvu na mafuta yatapungua. Nimsikilize? *Msomaji, Usa River*

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Nianze na trafiki, maana huyo keshakugusa mfuko. Anaruhusiwa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liingie barabarani likiwa zima, na ekzosi ni sehemu ya gari kama zilivyo breki na taa. Askari akiinama akakuta bomba limeoza au sailensa imefungwa kwa waya, hahitaji mashine kuandika kosa la gari bovu. Kipimo kinakuja pale ambapo ekzosi ni nzima lakini mnabishania kiwango cha sauti. Huko ndiko zinakoingia kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Faini ya papo kwa papo kwa gari ni shilingi 30,000 kwa kosa. Pikipiki na bajaji zilipunguziwa hadi 10,000 mwaka 2021. Unalipa kwa kontrolo namba, si mkononi. Usipokubali kosa una haki ya kwenda kujitetea mahakamani, ila kwa gari ambalo wewe mwenyewe unasema linanguruma kama trekta, sikushauri.

Kuhusu kipimo chenyewe, usije ukaamini programu ya simu. Noah yako ilipokuwa Japani ilipaswa kupita ukaguzi ambao kikomo chake ni desibeli 96 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa gari la abiria la umri huo lenye injini mbele. Kipaza sauti huwekwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya nyuzi 45, na injini inazungushwa hadi robo tatu ya mizunguko inayotoa nguvu yake ya juu. Umbali ni kila kitu: ukiuzidisha mara mbili unapoteza kama desibeli 6, kwa hiyo zile 96 zinakuwa karibu 72 ukisimama mita nane mahali pa wazi. Na desibeli hazihesabiwi kama kilo. Zikiongezeka 10, sikio linasikia kama sauti imekuwa maradufu. Jirani ambaye nyumba yake iko mita nane kutoka barabarani, na wewe unapita saa kumi na moja alfajiri kufuata watoto, anazisikia zote.

Sasa huyo fundi. Hapana, usimsikilize. Kwa injini ya kawaida kama ya Noah, bomba la moja kwa moja linakupa sauti ya nguvu, si nguvu. Masega yanasafisha moshi wenye sumu kabla haujatoka. Ukiyatoa, kwenye gari lenye sensa ya pili ya oksijeni, yaani kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi baada ya masega, taa ya injini itawaka kwenye dashibodi, na kuna mafundi watakaokuziba macho kwa kuichomoa hiyo taa. Kuhusu mafuta, mara nyingi mambo yanakwenda kinyume na alivyokuambia. Huo mngurumo wako huenda ni tundu kwenye bomba: likiwa kabla ya sensa ya oksijeni, hewa ya nje inanyonywa ndani, sensa inadhani mafuta ni machache, kompyuta inaongeza. Huenda tayari unalipia tundu hilo kituo cha mafuta bila kujua.

Litafute asubuhi, injini ikiwa baridi. Mwambie mtu awashe, wewe sikiliza mbele. Ukisikia tik-tik-tik ya haraka inayofifia gari likipata joto, hiyo ni gaskiti ya manifoldi (bomba linalokusanya moshi unapotoka kwenye injini) au manifoldi yenyewe imepata ufa. Chuma kikitanuka ufa unajibana. Kama mbele ni kimya, vaa glovu nene, kunja kitambaa kilicholowa uzibe mdomo wa bomba kwa sekunde chache, injini ikizunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta. Atakayekuwa pembeni atasikia *tsss* pale panapovuja. Angalia pia masizi: kwenye kiungo kinachovuja hubaki doa jeusi kavu, kama la sufuria ya kuni. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Mwezi uliopita nililetewa gari la abiria lenye shida kama yako. Mwenyewe alilalamikia kelele tu. Kwa kuongea naye kidogo ndipo akasema, kama jambo la pembeni, kwamba watoto wa siti ya nyuma wanafika shule wakiumwa kichwa na kusinzia. Nilipolala chini nikakuta bomba limekatika chini ya siti hiyo hiyo, na raba ya mlango wa nyuma imechanika. Moshi ulikuwa unaingia ndani. Kabonimonoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo, haina harufu wala rangi, na inaua.

Kwa hiyo waulize wanafunzi wako leo, hasa wanaokaa nyuma. Na mpaka bomba lizibwe, usiwapakie humo. Waombee gari la mwenzako. Kama ni kiungo au bomba lililotoboka, fundi welda mzuri atakata kipande kilichooza na kuchomelea kipya. Kama sailensa imeoza ndani, ukiigonga utasikia vipande vikicheza. Hiyo badilisha, usiibandike kiraka. Masega yaache yalipo.