Maswali ya Wasomaji: Amri ya Uonevu, Nitii au Nikatae?

SWALI: Ndugu mhariri, ofisa akiniamuru jambo ninaloliona ni la uonevu, nitii kwanza ndipo nilalamike, au nikatae palepale?

JIBU: Angalia kama madhara yake yanarudishika. Ukitozwa faini isiyo halali, lipa, dai stakabadhi, kisha kata rufaa, ukishinda fedha hurejeshwa. Ukiamriwa kumpiga mtu, au kutia saini taarifa ya uongo itakayomfunga, kataa hapohapo. Rufaa haimrudishii mtu meno. Wala usijifariji kwamba umetumwa na mkubwa: Kanuni za Nuremberg za mwaka 1950, zilizotokana na kesi ya viongozi wa Kinazi wa Ujerumani, zinasema amri ya mkubwa haimwondolei mtu lawama ya uhalifu wa kimataifa, maadamu alikuwa na nafasi ya kuchagua.

Uliza kwa sauti ya kawaida: amri hii inatoka sheria ipi, kifungu gani? Naomba niipate kwa maandishi. Wengi hulegea hapo, maana kalamu huacha alama. Siku hiyohiyo andika saa, mahali, jina au namba ya ofisa, maneno yake kama alivyoyatamka, na waliokuwepo. Barua ya malalamiko iwe nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Watu hupenda kumwaga hasira ya miaka kumi katika barua moja, na barua ya namna hiyo hujibiwa "tumepokea" basi. Jambo moja, ombi moja, na tarehe unayotaka jibu.

SWALI: Tumeandika, tumefika hadi mahakamani, kimya. Tukiamua sasa hatutii, tutatofautianaje na wahuni?

JIBU: Mhuni hujificha. Gandhi, mpigania uhuru wa India, kabla ya kuanza tarehe 12 Machi 1930 safari ya chumvi, yaani maandamano ya kwenda baharini kuvunja sheria ya Waingereza iliyokataza watu kujitengenezea chumvi, alimwandikia Lord Irwin, mtawala wa Uingereza nchini India, siku kumi mapema, akimweleza atakachofanya. Na aliteua chumvi kwa akili: kila jiko linaitumia, hivyo hata bibi kizee angeweza kuivunja sheria ile.

Kinachoua migomo mara nyingi ni ukosefu wa maandalizi, kuliko hata virungu. Kule Montgomery, Marekani, watu weusi, wakipinga ubaguzi wa rangi kwenye viti vya mabasi, waliyagomea kwa siku 381 kuanzia tarehe 5 Desemba 1955. Hotuba ndizo zinazokumbukwa. Sisi tungetazama magari yapatayo 300 yaliyopangwa kuwachukua watu kazini. Bila hayo, njaa ingewarudisha kwenye basi. Kesi ya kupinga ubaguzi huo nayo ilifunguliwa mahakamani Februari 1956, mgomo ukiendelea, na ndiyo iliyofunga hesabu.

Fanyeni mazoezi pia. Wanafunzi wa Nashville, pia Marekani, kabla ya kwenda kuketi kwenye migahawa iliyokataa kuwahudumia weusi mwaka 1960, walitukanana na kusukumana wao kwa wao ili wazoee kutojibu. Jiwe moja likirushwa, habari ya kesho ni jiwe, dai lenu limezikwa. Mwenye hasira za karibu asiende mstari wa mbele. Apewe kufuatilia waliokamatwa: yuko kituo gani, dawa zake ziko wapi, watoto wanalala kwa nani, nani atamwekea dhamana. Orodha hiyo iandikwe usiku wa kuamkia siku yenyewe, na ibaki kwa mtu ambaye hatoki nyumbani.